Ile "L" ya Zalia Imetoka Wapi?

Mwalimu aliuliza mofimu ni nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. Akataka alomofu za mofimu ya kutendea. Wakazitaja: -i-, -e-, -li-, -le-. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa hilo, katika shule moja ya sekondari mkoani Singida, wala sikuona kosa katika majibu. Lililonisikitisha ni kwamba hapakuwa na aliyeuliza kwa nini.

Nusu ya orodha hiyo ni nyepesi. Pika hutoa pikia, pata patia, funga fungia. Lakini cheka hutoa chekea, na soma somea. Mzizi wenye e au o hudai -e-, mingine hupokea -i-. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo tulifundishwa upatanifu wa irabu kwa mifano ya Kituruki, ilhali mimi nilikuwa nao kinywani tangu utotoni.

Yenye mashaka ni ile -li-. Tunafundisha kwamba zaa hutoa zalia kwa sababu mzizi wake huishia kwa irabu, kisha tunaridhika. Lakini tazama zaliwa na zalisha. Je, l ni sehemu ya kutendea, na ya kutendwa, na ya kutendesha pia? Yaelekea zaidi kuwa l ni mali ya mzizi wenyewe, uliokuwa -zal- hapo kale, nayo imedondoka katika zaa ikabaki mbele ya viambishi hivyo. Wasukuma husema kubyala, na l yao ipo mahali pake. Kwa hoja hiyo alomofu nne hupungua zikawa mbili.

Hata hivyo haifai kuuficha upande wa pili. Sahau tumelipata kutoka Kiarabu, wala huko halikuwa na l. Nasi twasema sahaulia na sahauliwa. Hapa l haiwezi kuwa urithi wa mzizi. Wasemaji wameizoea hata wakaipandikiza pasipo pake. Anayeshikilia alomofu nne, basi, ana la kusema. Mimi naegemea mbili, lakini mwanafunzi anayenipinga kwa sahau ningempa alama zote.

Katika darasa lile mtoto mmoja alianza kutoa mfano wa lugha ya kwao, akakatishwa: "Hapa ni Kiswahili tu." Nadhani tulipoteza ushahidi siku ile. Singida ina Kinyaturu na Kinyiramba; ina Kitaturu, ambacho licha ya jina lake si ndugu wa Kinyaturu bali ni lugha ya Kiniloti; na kandokando ya Ziwa Eyasi kuna Kihadza, ambacho hakijathibitishiwa ndugu yeyote. Kinyaturu kina irabu 7, Kiswahili 5. Je, kutendea kwake hufuata irabu za mzizi kama kwetu? Howard Olson alikwisha kuandika juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo mwaka 1964, lakini mwanafunzi hahitaji kukingoja kitabu. Na aende kwa bibi yake na vitenzi kumi, aandike bibi anavyovitamka, na Jumatatu mwalimu ampe ubao.