Mi, We na Ye: Si Uvivu wa Ulimi

Aghalabu mwanafunzi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, awe wa Kaloleni, Jericho au Dandora, huambiwa kuwa anaiharibu lugha kila asemapo "mi najua", "we unaenda wapi?" au "ye hayupo". Lawama hiyo hutolewa kwa jina la Kiswahili sanifu. Yafaa, basi, Kiswahili sanifu chenyewe kiitwe kutoa ushahidi.

Viwakilishi huru vya nafsi mimi, wewe, yeye, sisi na nyinyi vina umbo moja: silabi iliyokaririwa. Vinapoambatana na kiunganishi na, ukariri huo huondoka, tukapata nami, nawe, naye, nasi na nanyi. Ndivyo ilivyo pia katika ndimi, ndiwe na ndiye. Vipande mi, we na ye vinavyokemewa mtaani ni vile vile vinavyosifiwa katika insha na mashairi. Tofauti ni kuwa vya insha huegemea neno jingine, ilhali vya mtaani husimama vyenyewe. Tena hakuna asemaye "o wanakuja" kwa maana ya wao, kwa kuwa wao haina silabi iliyokaririwa. Mtaa, basi, una kanuni; wala kanuni hiyo si ya Eastlands pekee, kwani mi na we husikika Mombasa na Dar es Salaam pia.

Hata hivyo, si kila ufupisho unaofaa kuandikwa. "Si tulikuambia" ni "sisi tulikuambia", au ni swali la kumkumbusha mtu kuwa aliambiwa? Katika mazungumzo kiimbo huamua. Kwenye karatasi kiimbo hakipo. Mwandishi wa Kiingereza huweka ritifaa palipokatwa neno. Tahajia ya Kiswahili huitumia alama hiyo hasa katika ng'. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuandika sisi kwa ukamilifu katika insha, na kuyaachia mazungumzo ya wahusika wa tamthilia na riwaya maumbo mafupi.

Hapana budi mwalimu aieleze sababu hiyo. Mwanafunzi anayekosolewa kwa mi bila kuonyeshwa kuwa ni ndugu wa nami hajifunzi usanifu. Hujifunza kuionea haya lugha ya nyumbani kwao. Kalamu nyekundu ikiandika "mimi" juu ya "mi", na iandike pembeni ni kwa nini.