KUWAPA WAZAZI HAKI YAO WANGALI HAI



Katika kurasa hizi huandikwa mara nyingi habari za mishahara, za vyeo, za nyumba na za nauli ya likizo. Mambo hayo ni ya haki, wala hatusemi yaachwe. Lakini safari hii twapenda kuuliza neno moja ambalo mwajiri hawezi kutujibia: ile likizo tunayoidai kwa bidii, ikisha kupatikana, wazazi wetu hupata sehemu gani yake?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Tena, kama ilivyotungwa mwaka ule, ilimpa siku zisizopungua 4 zenye malipo akiuguliwa au akifiwa na mtoto, na pia akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Yafaa maneno hayo tuyasome kwa utulivu. Kwa mtoto yalitajwa maradhi na mauti. Kwa mzazi yalitajwa mauti peke yake. Mama akilala kitandani, siku za jina lake hazikuandikwa. Akizikwa, ziliandikwa 4.

Wala hatuwezi kuilaumu sheria tu, maana desturi ya mjini nayo imeshika njia hiyo hiyo. Mzee akifa, rambirambi huchangwa siku ile ile, watoto hufika kutoka Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam, maturubai hufungwa, ng'ombe huchinjwa, na watu hurudi wakisema, "Mzee amezikwa kwa heshima." Lakini jirani aliyekuwa akimtekea maji mzee huyo ajua ni miezi mingapi ilipita bila mtoto kupiga hodi mlangoni pake. Heshima hiyo iliyofanywa juu ya kaburi, mwenyewe hakuiona.

Hapa Engutoto jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wengi hawana udhuru wa umbali. Kutoka mjini hata Ilboru, Ngaramtoni, Tengeru au Usa River si safari ya kulala njiani. Yuko mtumishi auonaye Mlima Meru kila asubuhi aingiapo ofisini, na kwa mama yake ni pale pale chini ya mlima, lakini huenda Krismasi hata Krismasi. Wako na wenzetu wageni wa mji huu, waliozaliwa Songea, Kigoma au Bukoba. Hao udhuru wao ni wa kweli; lakini hata wao likizo wanayo.

Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, karani aliyekuwa mbali na kwao alitegemea barua ili apate habari za wazazi. Siku hizi twapiga simu, na tangu mwaka 2008 fedha hupelekwa kwa simu katika nchi yetu. Ni neema kubwa, wala haifai kudharauliwa: mjane aliye Nkoaranga hupata fedha za dawa kabla chungu hakijachemka. Lakini wako waliodhani ya kuwa kutuma fedha ndiko kumaliza deni. Fedha hununua dawa, haimshiki mgonjwa mkono, wala haijui kama amekula. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Yatupasa pia kufikiri tunavyopoteza sisi wenyewe. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa katika ardhi yao kwa nguvu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa fedha walizochanga watu wenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amepita miaka 80. Yeye akumbuka habari zisizoandikwa kitabuni: nani alitoa nini, mifugo ilikwenda wapi, mpaka wa shamba ulipita wapi. Jungu kuu halikosi ukoko; lakini asiyekaa karibu na jungu hataupata, na siku ya mazishi hakuna wa kuulizwa.

Katika mji wetu huu yakaa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mkataba unaotumiwa na Mahakama hiyo ulipitishwa Nairobi mwaka 1981, na watu wengi huutaja wanapodai haki. Lakini kifungu chake cha 29 chataja wajibu: mtu awaheshimu wazazi wake siku zote, na awatunze wanapohitaji. Neno "siku zote" tusilipite upesi. Halikusemwa siku ya sikukuu, wala siku ya msiba.

Wako watakaosema kazi ya umma haina saa. Twakubali. Lakini kalamu tunayoishika kazini ilinunuliwa na mtu. Wengi katika sehemu hizi walisomeshwa kwa kahawa, migomba na maziwa, na mzazi aliyeichuma kahawa ile kwa mkono naye hakuwa na saa. Wengine husema, "Nimemwachia mke wangu," au "Dada yupo nyumbani." Hao mabibi nao wana kazi, na wengi wao ni watumishi kama sisi, si haki deni la ukoo mzima likalipwa na mtu mmoja. Na wengine humleta mzee mjini wakamfungia ndani ya ukuta kutwa nzima, mbali na migomba yake na watu wa rika lake, wakadhani wamemtunza.

Basi, twatoa mashauri matatu. Kwanza, kila mwanachama, kabla hajajaza karatasi ya likizo, atenge siku zijulikanazo za kukaa na wazazi wake na wakwe zake, si kupita tu. Pili, chama kiombe kwa adabu, tena bila kuchoka, mtumishi apewe siku zenye malipo za kumwuguza mzazi, kama zilivyowekwa za kumzika. Tatu, katika mfuko wa rambirambi itengwe sehemu ya nauli, ili mwenzetu mwenye mzazi mgonjwa mbali apate kufika angali anamtambua.

Ombi la pili litangoja majibu ya wakubwa. La kwanza halingoji mtu, na Jumamosi ijayo daladala za Tengeru zipo.