Wa Carolina mwamjua, wa Malindi je?

Vijana wenzangu, picha ya Omar ibn Said haikosi kwenye simu zetu. Msomi wa Futa Toro, akauzwa Marekani, na mwaka 1831, akiwa bado mtumwa North Carolina, akaandika maisha yake kwa Kiarabu. Tunaweka emoji ya machozi, tunaandika subhanallah. Sawa. Sasa nitajie mtumwa mmoja wa Malindi.

Humjui, na si ajabu. Shuleni tulifunzwa Vasco da Gama na nguzo yake, halafu tukarushwa moja kwa moja hadi hoteli za Wataliano.

Hapo katikati Malindi ilikuwa magofu na msitu, mpaka karibu mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar alipopeleka watu na askari kuifufua. Mji haukufufuka kwa dua. Ulifufuka kwa jembe, na walioshika jembe ni Wayao, Wanyasa, Wangindo, walioletwa kupitia Kilwa. Walilima mtama, mahindi na ufuta, kila mmoja na ngwe yake, msimamizi nyuma. Mavuno yakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Arabuni. Mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha baharini, wauzaji waliwatembeza kwa miguu kutoka kusini. Biashara haikusimama.

Najua komenti inayokuja: "Utumwa wetu haukuwa kama wa Wazungu, mtumwa alikuwa mtoto wa nyumbani." Nani alikwambia, bwana au mtumwa? Ni kweli, sharia ilimpa mtumwa haki ambazo wa Mississippi hakuziota, na wako walioachwa huru. Lakini mtoto wa nyumbani hatoroki usiku akapita msituni. Watoro walikuwa wengi hadi wakajenga vijiji vyao, Makongeni na Fuladoyo. Fuladoyo iliongozwa na David Koi, Mgiriama Mkristo, aliyewapokea watoro wa mashamba ya pwani. Aliuawa 1883. Mkristo akiwahifadhi watu waliowakimbia mabwana Waislamu! Limeze hilo taratibu.

Na usinitolee Bilal. Surat at-Tawba imetenga fungu la zaka kwa kuwakomboa watumwa. Surat an-Nur imemtaka bwana akubali kuandikiana na mtumwa wake anayetaka kujikomboa. Aliyeswali Ijumaa na Jumamosi akanunua watu waliotekwa makwao hana pa kujificha kwenye dini hii.

Mwingereza naye asijisifu. Sheria ya 1907 ilipofuta utumwa pwani, waliofunguliwa mlango wa kudai fidia ni mabwana. Aliyelima hakupewa hata kipande. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi: leta madai yako, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Aliyelimisha alikuwa na karatasi na mashahidi. Aliyelima alikuwa na sugu mikononi. Akabaki palepale, jina likabadilika tu: kutoka mtumwa akawa skwota.

Kwa hivyo tunapoandamana Kilifi kuhusu dhulma za ardhi, tusianzie 1963. Tuanzie 1907, na tuwataje hawa pamoja na Mijikenda waliopokonywa.

Halafu kuna yule kijana aliyekataliwa posa juzi kwa kuwa "asili yake haijulikani". Mwulizeni baba wa binti: ni nani walioifanya isijulikane?