Kiti cha Umeme Hakinunuliwi kwa Macho

Wiki hii naanza na kosa la kamati yetu ya msikiti, ambayo mimi ndiye katibu wake. Sipendi kulieleza, lakini huenda familia nyingine ikaokoka kwalo.

Tulichanga fedha baada ya swala ya Ijumaa ili tumnunulie mzee wetu mmoja wa Oloipiri, wilayani Ngorongoro, kiti mwendo cha umeme. Mzee huyo alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kulia, mkono na mguu. Kiti cha kusukuma kwa mikono hakikumfaa, kwani kila alipokisukuma kwa mkono mmoja kilizunguka pale pale. Basi tukapata cha umeme kilichokwisha tumika, kikubwa na cha kupendeza. Tukakipakia kwenye lori, na siku ya kukishusha tukapiga takbira.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempima. Kifimbo cha kuongozea kilifungwa upande wa kulia, nao ndio mkono usiofanya kazi. Mzee akawa anajipinda akifikie kwa mkono wa kushoto. Kiti chenyewe kilikuwa kipana mno, hivyo akaegemea upande mmoja mchana kutwa. Katika wiki ya tatu mkewe aliona kidonda kwenye kalio la kulia. Mzee hakuwa amesikia maumivu, maana upande ule hisia zake zilikuwa zimepungua. Kidonda cha mgandamizo si jambo dogo: kikiachwa huchimba hadi mfupani, na sumu yake ikiingia katika damu huweza kuua. Tulipokwenda kumjulia hali alituambia kwa upole, “Wanangu, mliuliza bei, hamkuniuliza mkono.”

Neno hilo halijanitoka. Sadaka yetu ilikuwa njema kwa nia, lakini haikuwa imekamilika. Kiti mwendo ni kama kiatu: ukubwa usiokufaa hukujeruhi, hata kiwe cha thamani namna gani.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo una hatua nane, na kumchunguza mtumiaji huja kabla ya kuagiza kiti. Kisha hufuata kukirekebisha kimkae, kumfundisha, na kumfuatilia. Kwa kiti cha umeme hatua hizo zinahitajika zaidi. Kwa ndugu wa kaskazini, huko Moshi katika eneo la KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Tafuteni ushauri wa wenye elimu hiyo kabla ya kutoa fedha.

Vipo vipimo ambavyo familia yaweza kuvichukua nyumbani. Mketishe mgonjwa wima kwenye kiti kigumu. Pima upana wa nyonga. Kiti kizidi kidogo tu, kiasi cha kidole kila upande. Pima kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza upana wa vidole viwili au vitatu ili ukingo usibane mishipa. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Miguu ikikanyaga vizuri, paja zima hulala juu ya mto. Kiwiko nacho kiegemee pasipo bega kupandishwa. Kisha muulize mwenyewe: mkono upi una nguvu, na kichwa chake hukaa wima kwa muda gani?

Mto ni sehemu ya kiti, si pambo. Kila jioni mtu wa nyumbani mwenye haki ya kumwangalia aikague ngozi. Wekundu usioondoka baada ya kupumzika ni onyo.

Kisha tazama njia. Kwetu kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na magurudumu madogo ya mbele hudidimia. Chagua yaliyo mapana. Kumbuka pia kwamba kiti cha umeme ni kizito sana. Hakibebwi na mtu mmoja kupandishwa basi. Familia nzima ijue palipo kikonyo cha kuachanisha mota, ili kikizimika njiani kiweze kusukumwa. Mwendo wa kwanza upunguzwe na fundi, uongezwe mtumiaji anapozoea.

Aghalabu kiti hutumia betri mbili za volti 12. Usibadilishe kwa betri ya gari: hiyo imeundwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, ilhali ya kiti hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ichajiwe kila baada ya siku ya matumizi, isingojewe iishe kabisa. Nyumba yenye paneli ndogo ya taa na simu haitaweza kukichaji. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Nasi wa misikiti tuna sehemu yetu. Kiti hakina faida kikiishia kwenye ngazi za mlango. Mteremko salama hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 30 yahitaji mteremko wa mita 3.6. Magurudumu yafutwe mlangoni, na mahali pa kiti patengwe katika safu. Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa kipofu naye akawa muadhini wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakusubirishwa nje.

Mzee wetu sasa yu heri. Fundi alikihamishia kifimbo upande wa kushoto, akapunguza upana kwa mito ya pembeni, akaleta mto unaofaa. Kazi ya kifimbo ilichukua muda usiofika saa moja. Kidonda kilichukua miezi kupona.

Basi, ndugu zangu, kabla ya mchango ujao, katibu na apeleke kwanza futi ya kupimia, na masikio ya kusikiliza. Allah atutakabalie. Wabillahi tawfiq.