Taa Nyekundu na Kijani Katika Ziwa Moero

Miongoni mwa samaki wanaoliwa Lubumbashi wamo wale watokao Kilwa, Pweto na Kasenga, yaani kando ya Ziwa Moero na Mto Luapula, nao kabla ya kufika katika soko la Kenya mjini humo huwa wamekwisha kupita mikononi mwa watu wa mashua za mbao zenye injini, ambazo baadhi yake huvuka maji usiku. Usalama wa mashua hizo kwa hiyo ni jambo la mji huu pia, wala si la wakazi wa ufukoni peke yao.

Usiku wa Moero si giza tupu. Mwezi unapokosekana, wavuvi wa chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, huwasha karabai au taa za betri juu ya maji ili kuwavuta samaki, hata ziwa likaonekana kama mji wenye taa nyingi nyeupe zilizotulia. Katika mwanga huo mashua iendayo kasi, ikiwa na tochi moja nyeupe tu, hudhaniwa kuwa mvuvi mwingine aliyetulia na nyavu zake.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo majini, zilizopitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinataka taa ziwashwe tangu jua kuzama hadi kuchomoza. Mashua ya injini isiyofikia urefu wa mita 12 yaruhusiwa kuwa na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na taa za ubavuni: nyekundu kushoto na kijani kulia, kila moja ikiangaza kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Taa nyeupe hukaa juu ya zile za rangi kwa mita 1 au zaidi, na kwa mashua inayojaza magunia na abiria maana yake ni mlingoti imara, kwa sababu taa iliyofungwa ukingoni hufunikwa na bega la mtu.

Rangi hizo ni lugha. Nahodha aonaye nyekundu upande wake wa kulia hujua kwamba chombo kinakatiza mbele yake na kwamba yeye ndiye apaswaye kupisha; akiziona nyekundu na kijani kwa pamoja mbele yake, hujua kwamba wanaelekeana, na kila mmoja hugeukia kulia. Taa za ubavuni za mashua ndogo hutakiwa kuonekana kwa umbali wa maili 1 ya baharini, yaani mita 1,852. Mashua mbili zinazokaribiana, kila moja ikienda noti 10, ambazo ni kama kilomita 18 na nusu kwa saa, huumaliza umbali huo kwa dakika 3, muda unaotosha kufikiri na kugeuza usukani. Bali tochi iwashwayo zikibaki mita 50 huacha sekunde 5 hivi.

Ni kweli kwamba kanuni hizo huiruhusu mashua iliyo chini ya mita 7, isiyozidi noti 7, kubaki na taa nyeupe pekee pale taa za rangi zisipowezekana. Ruhusa hiyo haifai kutumiwa Moero, ambako weupe ni alama ya mvuvi. Mwanasheria naye ataweza kusema kwamba kanuni za bahari hazilihusu ziwa lililotengwa na bahari kwa maporomoko ya Boyoma na Inga. Hoja hiyo ni sahihi, ila haimfai kitu mwenye kuzama, tena ziwa lenyewe limegawanywa kati ya Kongo na Zambia, na manahodha wa nchi mbili hawawezi kuelewana gizani bila alama moja.

Mwenye mtumbwi wa kasia hadaiwi mengi: awe na tochi au fanusi tayari, aionyeshe mapema.

Gharama ya taa mbili za rangi na betri ni ndogo mbele ya bei ya injini. Wafanyabiashara wa samaki wa Lubumbashi, ambao fedha zao ndizo zinazoziendesha mashua hizo, wanaombwa wasipakie mzigo wa usiku katika chombo chochote kabla ya kuziona taa zake tatu zikiwaka.