Mgeni wa Siku ya Tatu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Bagamoyo, kwenye soko la samaki lililo hatua chache kutoka jengo la forodha la Wajerumani. Mtoto wa Kizungu wa miaka saba hivi, pekupeku, alinijia akanipa mkono: “Shikamoo, babu.” Nina miaka arobaini na sita tu, lakini mvi hazisemi uongo, nikaitikia marahaba. Kisha akamgeukia muuzaji na kumweleza kwamba mama yake anataka changu wawili, ila wasiwe kama wale wa juzi waliokuwa wamelegea. Muuzaji akacheka. “Haya mjomba, chagua mwenyewe.” Mama alikuwa amesimama nyuma na kikapu chake, akisubiri kutafsiriwa.

Nilizungumza naye karibu nusu saa. Yeye ni Mfaransa, mumewe Mbelgiji. Wamepanga nyumba upande wa Kaole na wameishi hapo miaka sita. Wana marafiki wanaozungumza Kifaransa waliotawanyika kuanzia Mbweni hadi Bagamoyo, na hukutana mara kwa mara kula na kucheza na watoto. Kabla ya kuja huku, alinieleza, walifikiria kuhamia Las Terrenas, mji wa pwani katika Jamhuri ya Dominika. Kule Wafaransa walikwisha kuanza kuhamia tangu miongo kadhaa iliyopita, kijiji cha wavuvi kikageuka mji wenye maduka ya mikate ya Kifaransa na shule ya Kifaransa iliyopewa jina la mchoraji Théodore Chassériau, aliyezaliwa katika rasi hiyohiyo mwaka 1819. Hawakwenda. Waliogopa kwamba mtoto wao angekulia pale miaka kumi na minane bila kuhitaji Kihispania cha jirani yake.

Nami, kwa kiburi cha mwenyeji, nikamuuliza: basi mbona miaka sita na Kiswahili chako kimeishia kwenye bei za samaki? Akanitazama. “Kila nikianza Kiswahili mnanijibu kwa Kiingereza. Hata wewe.” Ni kweli. Nusu saa nzima tulikuwa tukizungumza Kiingereza, na mimi ndiye niliyeanza.

Ndugu msomaji, nimekaa na aibu ile wiki kadhaa, na leo nataka kuigawa, kwa sababu si yangu peke yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekariri nusu ya kwanza ya methali hiyo hadi tumeigeuza kuwa sera ya utalii. Nusu ya pili tumeitupa. Mgeni wa pwani yetu amefika siku ya tatu, ya mia tatu, ya elfu mbili, na jembe la kwanza ambalo mji wowote humpa mkaazi wake, yaani lugha ya mji, tumelificha uvunguni. Halafu tunalalamika kwamba wageni wanajitenga.

Wako watakaonisoma haraka na kufurahi kwamba nataka Wazungu wafukuzwe Bagamoyo. La hasha. Mji huu haukuwahi kuwa wa watu wa aina moja. Una Wazaramo, Wakwere na Wadoe, una waliojiita Washirazi, una uzao wa Waarabu na wa Wahindi, una wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka na pembe za ndovu na wengine wasirudi. Sewa Haji, tajiri wa misafara mwenye asili ya Kihindi, alizaliwa hapa mwaka 1851, na jengo alilolitoa liwe shule ya watoto wa rangi zote ni sehemu ya historia ya mji. Anayetaka kumtafuta mwenyeji halisi wa Bagamoyo atachimba hadi magofu ya Kaole na bado atakuta kaburi la mtu aliyekuja kwa jahazi.

Tena Wafaransa si wapya hapa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Siwapambi. Walikuja na mnazi mkononi mmoja na kengele mkononi mwa pili, na watumwa waliokombolewa na kuwekwa katika kijiji chao walihama kutoka amri moja kuingia amri nyingine. Lakini tazameni jambo moja. Mwaka 1879 alifika pwani hii padre mwenzao, Charles Sacleux. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa Paris mwaka 1939, hadi leo hatuwezi kutafiti lahaja za pwani bila kuifungua, kwa maana mle mna maneno ya Kimvita, Kiamu na Kingazija ambayo wajukuu wa waliyoyasema wamekwisha kuyasahau. Sacleux hakujifunza Kiswahili kwa sababu alikuwa mwema kuliko yule mama wa sokoni. Alijifunza kwa sababu bila Kiswahili Bagamoyo ya wakati ule asingepata hata maji ya kunawa. Mji ulimlazimisha.

Sasa tugeukie kaskazini, Malindi. Mwaka 1967 Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni. Waliokuja na mradi ule waliufahamu mji, watalii wakafuata, na baada ya watalii wakaja wenye nyumba, wenye mikahawa na wastaafu. Leo watu huuita mji huo Italia Ndogo bila kutania. Nimewahi kukaa pale na kijana wa ufukweni aliyezungumza Kitaliano fasaha, na vitenzi vyake vyote vikiwa sawasawa, ingawa shule aliiacha darasa la sita. Nilimstahi sana. Lakini jiulize: nani alikuwa mgeni katika mazungumzo yale? Aliyekabidhiwa jembe ni mwenyeji, na alilima shamba la mgeni wake. Siku wateja wake walipopungua alibaki na lugha isiyo na wa kumsikiliza.

Serikali yetu inasemaje? Kwa mgeni anayeomba kibali cha ukaazi, awe mwekezaji wa daraja A, mwajiriwa wa daraja B au mstaafu wa daraja C, tunauliza habari za fedha, za mwajiri, za pasipoti. Hatuulizi kama anaweza kumjulia hali jirani. Hata anayeomba uraia wa tajnisi, yaani anayetaka kuwa mmoja wetu hadi kufa, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka ajue Kiswahili au Kiingereza. Tafakari hilo neno “au”. Mtu anaweza kuwa Mtanzania kamili bila kuelewa tangazo la msiba mtaani kwake.

Linganisha na Ufaransa yenyewe. Sheria yao ya uhamiaji ya Januari 2024, ambayo masharti yake ya lugha yalianza kutumika Januari 2026, inamtaka anayeomba kadi ya ukaazi ya miaka kumi awe na Kifaransa cha daraja la B1, na anayeomba uraia awe na B2. Ndugu yangu mmoja anayeishi Lyon anajifunza Kifaransa usiku, baada ya zamu ya usafi, kichwa kikimwangukia kwenye daftari. Simwonei huruma sana, maana anaishi Lyon na ni haki watu wa Lyon wamtake awaelewe. Ninachouliza ni kwa nini haki hiyohiyo tunaiona ni ukorofi inapodaiwa Bagamoyo. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, tunavaa vitenge na kuhutubiana juu ya lugha iliyovuka mipaka. Imevuka mipaka yote isipokuwa geti la nyumba ya ufukweni.

Na mambo hayaishii kwenye heshima. Kusini mwa mji, huko Mlingotini na vijiji vya jirani, wapo akina mama wanaolima mwani. Kazi yao inaendeshwa na maji: bahari ikipwa wanashuka, ikijaa wanapanda, na hakuna anayeweza kuiomba bahari isubiri. Katika kijiji kimoja cha pwani hii, ambacho sitakitaja, ujia wa kushukia ulizibwa kwa ukuta. Mwenye nyumba, mgeni, hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama ramani inaonesha njia, akajibiwa haionyeshi, na ni kweli, kwa kuwa njia ile ilichorwa kwa nyayo. Akina mama walipokuja getini kumweleza, mkalimani alikuwa mlinzi, kijana aliyeogopa kupoteza kazi. Akamwambia bosi wake kwamba wamekuja kuomba msaada. Bosi akatoa noti ya elfu kumi. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, akaitazama ile noti, akageuka bila kuaga. Tangu siku hiyo wanazungukia mikokoni, na muda wa kufanya kazi umepungua. Sentensi moja ya Kiswahili ingetosha: “Bwana, hii ni njia yetu.” Hakukuwa na sikio la kuipokea.

Wanasheria watanikumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ufukweni, na kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji. Nazijua. Najua pia jinsi ardhi inavyoshikwa kwa jina la rafiki, la mke, la kampuni ya mfukoni. Na tusijitie upofu: kuta nyingi kati ya Bunju na Bagamoyo si za wageni. Ni zetu, sisi wa mjini wenye shahada na mikopo ya benki. Mimi mwenyewe nina kiwanja Mapinga, na kitu cha kwanza nilichojenga ni ukuta. Watoto wangu wanasoma shule ya Kiingereza. Makala haya nayaandika usiku kwa Kiswahili, asubuhi nitaingia darasani kuwafundisha Watanzania mia mbili kwa Kiingereza, ingawa Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba lugha ya taifa itumike kufundishia katika ngazi zote. Yule mama wa sokoni alijifunza kutudharau lugha yetu kutoka kwetu. Sisi ndio walimu wake.

Kwa hiyo ninachodai kinaanza na sisi. Mgeni akisema “naomba”, ajibiwe kwa Kiswahili, taratibu, hata akichelewa, hata foleni ikinung’unika. Mhudumu wa hoteli, karani wa halmashauri na mhadhiri mwenye kimbelembele wakome kumkatiza ili kuonesha Kiingereza chao. Lakini adabu ya watu haitoshi bila nguvu ya dola. Kibali cha kwanza cha ukaazi kitolewe kama kinavyotolewa sasa. Cha pili kiwe na mtihani mdogo wa Kiswahili cha kuzungumza, BAKITA itunge, na ada yake ilipie madarasa ya jioni katika miji kama Bagamoyo, ambako tayari kuna chuo cha sanaa, TaSUBa, kinachopokea wanafunzi kutoka nje.

Nimekwisha kusikia jibu: tutawafukuza wawekezaji, watahamia kwingine. Mtu aliyevuka bahari mbili, akajenga nyumba, akazalia mtoto hapa, hataondoka kwa sababu ya ngeli. Akiondoka kwa sababu hiyo, alikuwa mpangaji tu, na hakuna haja ya kumwita jamaa wa Bagamoyo. Wengine wananiambia wazee wastaafu hawawezi tena kujifunza lugha. Wanaoshindwa kwa umri au maradhi wasamehewe. Kila sheria yenye akili ina mlango wa namna hiyo. Wala simdai mtu kamusi ya Sacleux. Namdai aweze kufungua geti mwenyewe na kumwelewa mama mwenye gunia la mwani.

Na lile neno “au” katika Sheria ya Uraia lifutwe, pamoja na Kiingereza kinachofuata. Marekebisho hayo hayajazi hata nusu ukurasa, na wabunge wetu, ambao mijadala yao yenyewe huiendesha kwa Kiswahili, hawatahitaji mkalimani kuyajadili.