TIKETI ISIULIZE CHAMA

Kila inapokaribia mechi kubwa ya kuvuka bahari, mabaraza ya Unguja na Pemba huwa na mazungumzo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza ni la tiketi: zimekuja ngapi, zinauzwa wapi, na nani kazishika. La pili ni la siasa: uchaguzi, Muungano, na nani kamdhulumu nani. Yote mawili ni haki ya wananchi, wala hatuoni sababu ya kumziba mtu mdomo. Tunalotaka kulisema leo ni kwamba mambo haya mawili yasiachwe yakawa jambo moja. Siku tiketi ya mpira itakapotolewa kwa kuangalia chama cha mtu, tutakuwa tumebomoa mojawapo ya mahali pachache ambapo wananchi waliogawanyika bado hukaa safu moja.

Natuangalie tawi lolote la washabiki wa Simba au Yanga hapa Visiwani. Klabu hizi ni za Dar es Salaam, lakini washabiki wake wamejaa Mjini Unguja, Chake Chake na Wete. Ndani ya tawi moja atakuwamo mtu wa CCM, mtu wa ACT-Wazalendo, na mwingine asiyetaka hata kusikia habari za vyama. Aliyetofautiana na jirani yake kwa kura humkuta ndiye mwenzake kwa timu. Na ndugu wawili wa chama kimoja huweza kununiana juma zima kwa sababu ya bao moja. Watu wengine huona haya ni mambo ya upuuzi. Sisi tunaona yana faida kubwa. Mkeka hushikana kwa kuwa chane zake zinapitana. Zikilazwa zote upande mmoja, hapana mkeka. Jamii nayo husimama imara pale ambapo tofauti zake zinakatana, asiweze mtu kusema kwamba wote walio kule ni maadui zake kwa kila jambo.

Sisi wa Visiwani tunalijua hilo kwa uzoefu. Mwaka 1995 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Matokeo yakatangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na kwa miaka iliyofuata watu walisusiana maduka, harusi na hata maziko. Mwaka huo huo timu yetu ya Zanzibar ilikwenda Uganda na kurejea na Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati. Hatudai kwamba kombe lile liliponya majeraha; halikuyaponya, na ilitubidi kungoja maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 ili tuone nafuu ya kweli. Lakini hapana aliyethubutu kusema kwamba kombe lile ni la chama fulani. Lilikuwa la Wazanzibari wote.

Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 2017. Mwezi Machi Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika lilitupokea uanachama kamili, na mwezi Julai likatuvua. Hapo mjadala wa Muungano ukapamba moto, kwani michezo si katika mambo ya Muungano, lakini katika mpira wa dunia anayetambuliwa ni mwanachama mmoja tu kutoka Tanzania. Ulikuwa mjadala mzito na halali. Hata hivyo, Desemba ya mwaka ule vijana wetu walipofika fainali ya Challenge nchini Kenya na kushindwa kwa mikwaju ya penalti, waliokuwa wakivutana juu ya Katiba walikaa mbele ya televisheni moja na wakahuzunika pamoja.

Tuna mifano ya nje inayotuonyesha upande wa pili. Tarehe 13 Mei 1990 klabu ya Red Star ya Belgrade ilikwenda ugenini Zagreb kucheza na Dinamo. Washabiki wake wapatao elfu tatu walisafiri nayo. Croatia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika uchaguzi wa vyama vingi, na nchi ya Yugoslavia ilikuwa inatetemeka. Uwanjani siku ile klabu, kabila na siasa vilikuwa vimelazwa upande mmoja: aliyekuwa wa timu hii alihesabiwa kuwa wa taifa hili na wa chama hiki. Mapigano yakazuka, uwanja ukavamiwa, mechi ikavunjika. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Si mpira ulioleta vita vile. Sababu zake zilikuwa nyingi na kubwa zaidi. Lakini uwanja ulidhihirisha mapema kwamba wananchi wale walikuwa hawana tena jambo la kuwachanganya.

Kinyume chake ni Kodivaa. Oktoba 2005, baada ya nchi hiyo kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Didier Drogba na wachezaji wenzake walipiga magoti mbele ya kamera na kuwasihi wananchi waweke silaha chini. Juni 2007 timu yao ya taifa ilichezea Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, na ikaifunga Madagascar mabao matano kwa bila. Hata huko, uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2010 ulirejesha mapigano, na watu wapatao elfu tatu wakafa. Funzo ni kwamba mpira hauwezi kufanya kazi ya wanasiasa. Unachoweza ni kuwaweka watu pamoja kwa muda, ili wenye kazi hiyo wapate nafasi ya kuifanya.

Sasa turejee kwenye tiketi yenyewe. Tiketi ya ugenini ya mtu wa kisiwani ina vipande viwili: kipande cha boti na kipande cha uwanja. Kimoja bila ya kingine hakina maana. Mtu akipata nafasi ya uwanjani akakosa boti, fedha yake imepotea. Akipata boti akafika mlangoni akaambiwa zimekwisha, huyo ni mgeni aliyelala njaa katika mji wa watu. Nayo bahari haina mzaha. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi, na Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Mamia ya watu wetu walipotea katika misiba hiyo. Kwa hiyo siku ya mechi kubwa, ambapo kila mtu anataka kuvuka kwa saa moja, lawama ya uzembe haitakuwa ya washabiki peke yao.

Wala si sisi tu tunaovuka. Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi ya marudiano baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, ilihamishiwa Uwanja wa Amaan. Waliopanda boti safari ile ni watu wa Bara, kutoka katika mji wenye uwanja wa watu elfu sitini kuja kwenye uwanja wa watu wapatao elfu kumi na tano. Leo mwenyeji, kesho mgeni. Anayemfungia mwenzake mlango leo ajue kwamba zamu yake ya kubisha hodi haiko mbali.

Wenzetu wameliwekea jambo hili kanuni. Shirikisho la Ulaya huitaka klabu mwenyeji iwatengee wageni angalau asilimia tano ya nafasi za uwanja wake katika mashindano yake. Ligi Kuu ya Uingereza hutenga tiketi elfu tatu au asilimia kumi ya uwanja, kwa kufuata idadi iliyo ndogo, na tangu msimu wa 2016/17 bei ya tiketi ya mgeni haikuruhusiwa kupita pauni thelathini. Argentina, kwa upande wake, ilipofika mwaka 2013 iliamua kuwazuia washabiki wageni kwa sababu ya vifo na fujo. Hiyo ni dawa ya mtu aliyekata tamaa: ni kuukata mkono ili kidonda kisionekane. Hatutaki tufike huko.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba wahusika. Mashirikisho mawili ya mpira, la Zanzibar na la Bara, yakubaliane kiwango maalumu cha tiketi za wageni wanaovuka bahari, na kiwango hicho kitangazwe hadharani kabla ya mauzo kuanza. Tiketi hizo ziuzwe Unguja na Pemba katika vituo vinavyojulikana, kwa bei iliyoandikwa, na mnunuzi asiulizwe ila jina lake. Mamlaka za bandari na wenye vyombo wapewe taarifa mapema, ili safari ziongezwe badala ya abiria kurundikwa. Na polisi wawapokee wageni kama wageni, si kama watuhumiwa.

Lipo na jambo jengine ambalo ni lazima lisemwe bila ya kificho. Ni desturi iliyoenea kwa wakubwa na matajiri kununua tiketi kwa mafungu na kuzigawa bure. Kutoa ni jambo jema, na maskini aliyeingia uwanjani kwa hisani ya mtu hana kosa. Lakini tiketi ikitolewa pamoja na fulana ya chama, au ikipitia mikononi mwa balozi wa chama badala ya kiongozi wa tawi la washabiki, hisani hiyo imegeuka kuwa ubaguzi. Anayetaka kuwasaidia washabiki na alikabidhi fungu lake kwa klabu, na klabu igawe kwa orodha ya wanachama wake.

Na washabiki nao wana wajibu wao. Wazungumze siasa wapendavyo, ndani ya boti na nje ya boti. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 ulifuatiwa na maandamano, ghasia na vifo huko Bara. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa. Huku Visiwani matokeo yalipingwa na upinzani. Haiwezekani watu waliopitia hayo waambiwe wasiyaseme. Lakini mtu asishushwe katika gari la tawi kwa rangi ya fulana yake, wala asiimbwe kwa matusi ya kisiwa alichozaliwa au ya upande wa Muungano anaotoka.

Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Nchi iliyokubali kulikaribisha bara zima haina udhuru wa kushindwa kuwapokea watu wake wenyewe waliovuka mkondo mmoja wa bahari. Wazee wetu walituusia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kwamba mgeni aulizwe kwanza alimpigia kura nani. Tunaitaka Wizara inayohusika na michezo, pamoja na mashirikisho yote mawili, watoe kanuni ya tiketi za wageni kabla ya mechi kubwa ijayo, nasi tutaichapisha kwa ukamilifu katika ukurasa huu ili kila mshabiki aijue haki yake.